Kibaraza cha Mbao Uani: Maji Yapite, Mchwa Waonekane

Mguu wa kiti cha bibi ndio ulionifundisha kujenga kibaraza. Alikuwa nyuma ya nyumba anachambua majani ya maboga, kiti kimekaa juu ya sakafu ya mbao niliyojivunia kwa misimu mitatu ya mvua, mara mguu mmoja ukatoboa ubao na kiti kikalala upande. Hakuumia. Aliokota majani yake, akaniuliza kama nilijenga baraza au mtego wa panya. Jioni nikachukua bisibisi nikajipenyeza uvunguni. Kila nguzo niliyoichoma pale inapoingia ardhini, bisibisi ilizama kama kwenye muhogo uliochemka. Kwa nje nguzo nzima, kwa ndani udongo mtupu. Na nilikuwa nimefuata yote niliyoshauriwa: nguzo za mkaratusi, nimezifukia futi mbili, nimezipaka oili chafu mara mbili, nimeshindilia mawe pembeni.

Kibaraza kilichofuata bado kimesimama, na hakinidai zaidi ya nusu siku kwa mwaka. Kila hatua ya kukijenga nilijiuliza maswali mawili tu: maji yakiingia hapa yatatokea wapi, na mchwa akipanda hapa nitamwona wapi? Haya ninayokuandikia ni majibu niliyopata, kwa kibaraza cha futi 12 kwa 12, kinachotosha watu wanane na meza ya chai.

Je, unakihitaji?

Nikuambie ukweli mapema. Kama uwanja wako ni tambarare, mwaga jamvi la zege, jenga baraza la tofali kuzunguka, umemaliza. Wazee wa pwani walikaa kwenye mabaraza ya mawe na chokaa karne nyingi, na hakuna aliyewahi kuyapaka dawa ya mchwa. Mbao zina maana kwetu huku kwa sababu ya mteremko. Nyumba nyingi za hapa kwetu Mamboya, mkoani Morogoro, zimeegemea milima ya Ukaguru: mbele una uwanja wa hatua kumi, nyuma ardhi inateremka kuelekea migombani. Ukitaka uwanja wa kukaa huko nyuma kwa njia ya zege, lazima kwanza ujenge ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, ujaze kifusi, ushindilie, kisha uombe Mungu ukuta usitumbuke masika ya kwanza. Kibaraza cha mbao kinasimama juu ya mteremko bila kuugusa. Maji ya mlimani yanapita chini yake yakienda zake.

Na wala si jambo geni. Anayelinda shamba dhidi ya nyani hupanda ulingoni. Mahindi tunaanika juu ya kichanja, vyombo tunavianika juu ya kichanja. Wazee waliinua kitu kutoka ardhini walipotaka kikauke na kisiliwe, na kibaraza cha mbao ni kichanja cha kukalia watu. 

Walio bondeni, upande wa mto Mkondoa, wana hesabu nyingine. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliondoka na nyumba na tuta la reli pale Kilosa, sembuse kibaraza. Huko usijenge kabla hujawauliza majirani wakongwe maji yale yalifika ukutani kiasi gani.

Msimu nao. Anza Juni, baada ya masika kukatika, ili ardhi iwe bado laini kuchimba lakini mbao zipate miezi ya jua na upepo. Anayeanza Novemba anajenga kwa mbao zilizoloa, na Agosti inayofuata atapata nyufa za kuingiza kidole.

Mbao: usinunue jina, nunua kiini

Ukifika kwa muuza mbao utasikia majina kwanza. Mninga, mkongo, mvule, mtiki. Ni majina ya kweli, na miti hiyo ina sifa zake: mninga haupindi hovyo, mkongo ni mgumu na mchwa hauwezi, mtiki una mafuta yake ya asili yanayoukinga. Lakini sifa hizo ziko kwenye kiini, ile sehemu ya katikati yenye rangi iliyokolea. Weupe unaozunguka kiini huliwa hata ukitoka kwenye mti wa bei gani. Kwa hiyo usitazame ubao kwa ubapa wake, ambako randa imeshaupendezesha. Uinue, utazame kichwa chake kilichokatwa. Utaona mpaka wa rangi kama ulivyo mpaka wa chai na maziwa kabla hujakoroga. Ubao wenye weupe zaidi ya robo ya upana, mrudishie mwenyewe. Mtiki mchanga una weupe mwingi sana, na ndio unaouzwa kwa wingi.

Mtiki haupo mbali nasi. Mashamba ya Mtibwa, wilayani Mvomero, yako chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, yaani TFS, na mengine ya watu binafsi yako bonde la Kilombero. Mimi ningeutumia kwa sakafu, pale unapokanyaga na kupigwa na jua na mvua moja kwa moja. Mninga na mkongo ni miti ya msitu wa asili, na sehemu kubwa ya inayopita usiku kwa pikipiki haina kibali. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haimtazami mkataji peke yake. Mbao zisizo na hati zikikutwa uani kwako, maelezo utatoa wewe. Dai risiti, dai hati ya kusafirishia, tazama kama magogo au mbao zimegongwa nyundo ya misitu. Muuzaji akikujibu, "Mzee, hizo karatasi za nini, sisi si tunajuana," hapo ndipo pa kuaga.

Kwa mifupa ya chini, ambayo haionekani, tumia paini iliyotiwa dawa kiwandani. Mbao hizi zinatoka nyanda za juu, Mufindi na Mafinga, zinashuka kwa malori kupitia Kitonga na Mikumi, na hupatikana Morogoro hata Kilosa. Paini bila dawa ni chakula cha mchwa, tena chakula laini. Yenye dawa ina rangi ya kijani kibichi inayofifia. Hapa pia tazama kichwa: mwambie muuzaji akate inchi sita kutoka mwisho wa ubao mmoja mbele yako. Kama ukijani umeingia ndani pande zote, dawa ilisukumwa kwa mtambo. Kama ukijani umeishia kwenye ngozi, unene wa ukucha, na ndani ni nyeupe pe, mtu ameichovya kwenye pipa nyuma ya duka. Kumkatalia si ugomvi.

Dawa hiyo aghalabu ina shaba, kromu na aseniki. Aseniki ni sumu. Marekani viwanda viliacha kuitumia kwenye mbao za majumbani mwishoni mwa 2003. Kwetu bado ipo, na kwa mifupa ya chini isiyoguswa na mikono ya watoto mimi naikubali, ila kwa sharti moja ambalo ungeliandika kwa mkaa ukutani: vipande vilivyobaki visiingie jikoni. Ukimwacha fundi aondoke, mama mwenye nyumba atakuta rundo la vijiti vikavu na atachemshia maharage. Moshi wake ni sumu na majivu yake ni sumu zaidi. Kusanya kila kipande na unga wa msumeno, ufukie mbali na kisima na bustani, na unga huo usiutandike kwenye banda la kuku.

Halafu ukavu. Hakuna kipimo cha umeme cha kupimia unyevu wa mbao Mamboya, lakini kuna mizani dukani. Chukua kipande cha futi moja kutoka kwenye mbao zako, kipime uzito, andika juu yake kwa penseli. Zilizobaki zipange kivulini, zipitishie vijiti vya inchi moja kati ya safu na safu ili upepo upite, na vichwa vipake rangi yoyote uliyonayo maana ubao hupasuka kuanzia vichwani. Kipande chako kikae katikati ya rundo. Kila Jumamosi kipime tena. Wiki mbili mfululizo uzito ukibaki uleule, mbao ziko tayari. Ni njia ya polepole, na fundi atakucheka. Mwache acheke.

Kuhusu oili chafu. Najua inapendwa, kila gereji inaigawa. Inawachelewesha mchwa, kweli, mpaka mvua iioshe. Baada ya hapo inabidi upake tena, na tena, na kila ukipaka inachafua nguo za wageni, inadondokea udongo wako, na inawaka moto vizuri sana. Ukitaka kibaraza kisichokusumbua, huwezi kukianza kwa kitu kinachotaka kupakwa kila mwaka.

Miguu isiyoliwa

Hapa ndipo fedha yako iende. Wajerumani walipojenga reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, walilaza mataruma ya chuma badala ya ya mti, kwa kuwaogopa mchwa. Sisi tutafuata akili hiyohiyo kwa bei nafuu: mti usiguse ardhi popote, hata kwa bahati mbaya. Miguu yote tisa iwe ya zege.

Pima kwanza. Piga vigingi, funga uzi, tengeneza mraba. Pembe ipate kwa hesabu ya fundi yeyote: futi 6 upande huu, futi 8 upande ule, na mshazari wake uwe futi 10 kamili. Ukikosa hata inchi moja hapa, sakafu yako itaishia na ubao uliochongwa kama kabari, na wageni wataanza kuuona huo kabla ya kuona mandhari. Kibaraza kisishikamane na nyumba. Acha nafasi ya inchi mbili kutoka ukutani. Huko Marekani, ambako nyumba nyingi zina sakafu ya namna hii, nyingi za zile zinazoporomoka na watu huwa zimepigiliwa misumari tu kwenye ukuta wa nyumba. Ukuta wako wa tofali za kuchoma usiubebeshe mzigo huo. Tena nafasi ile ndiyo itakayokuonyesha mchwa akitaka kuvuka.

Miguu ipange safu tatu, kila safu mitatu: ya kwanza futi 1 kutoka ukingoni, ya pili futi 6, ya tatu futi 11. Kwa hiyo kati ya mguu na mguu ni futi 5, na ncha za mbao zinajitokeza futi 1 kila upande. Chimba mashimo ya futi mbili kwa mbili, kina futi mbili au mpaka sururu ianze kulia. Fundi wangu, kijana mchapakazi, alifika futi moja akasimama. "Mzee, huku chini nguvu zinapotea bure, hakuna atakayeona." Nikamwambia, "Mwanangu, mvua itaona." Tuliendelea. Kwenye mteremko, shimo la upande wa chini ndilo linalotaka kina zaidi, kwa sababu udongo mwekundu wa juu huteleza kidogo kidogo kila masika. Na kama uko kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi mpaka mbuzi anavunjika mguu, nenda futi tatu na uvuke tabaka hilo. Udongo ule hupumua, utaiinua miguu na kuishusha kila mwaka.

Chini ya kila shimo mwaga zege la inchi nane, mchanganyo wa karai moja la saruji kwa mawili ya mchanga na manne ya kokoto. Kabla halijakauka simamisha nondo nne za milimita 10 zilizofungwa ringi. Kesho yake visha nondo hizo bomba la plastiki la inchi sita, lisimamishe kwa timazi, na ukishalikata kwenye usawa wake, kama nitakavyoeleza, lijaze zege huku ukilichomachoma kwa kipande cha nondo ili hewa itoke. Bomba libaki humohumo: litalinda zege, na mchwa hapendi kupanda ukuta laini unaong'aa. Kwa miguu yote tisa yenye urefu wa wastani wa mita moja utahitaji mifuko sita ya saruji na nondo nne za mita 12. Mguu wowote utakaotokeza zaidi ya futi nne juu ya ardhi, achana na bomba. Jenga nguzo ya tofali ya inchi tisa kwa tisa yenye nondo katikati.

Sasa usawa, na hapa nataka usogee karibu, maana ndipo watu wanapoharibu. Pima maji ya mkononi haitoshi kwa futi 12 za mteremko. Tafuta mpira mwembamba wa maji, unaoona ndani, wa mita sita hivi. Ujaze maji, ukague usiwe na povu hata moja. Povu moja linaiba nusu inchi. Mtu mmoja ashike ncha kwenye mguu wa juu kabisa, ulio karibu na nyumba, wewe nenda na ncha nyingine mguu wa chini. Wote wawili kidole gumba juu ya mdomo wa mpira mpaka mfike, kisha achieni pamoja. Maji yatapanda, yatashuka, yatatulia. Yalipotulia kwako ndipo usawa wa kwake. Weka alama kwa penseli. Halafu toa sentimita tatu kwa safu iliyo mbali na nyumba, na sentimita moja na nusu kwa ile ya katikati, ili sakafu yote iinamie mbali na ukuta kidogo tu, kiasi ambacho kikombe cha chai hakitambui lakini mvua inatambua. Bomba likate kwenye alama, mwaga zege mpaka juu.

Zege likiwa bado bichi, zamisha kichwani mwa kila mguu chuma bapa kilichokunjwa kama herufi U, mdomo ukitazama juu, ili boriti ilale ndani yake. Fundi wa kuchomelea atakutengenezea tisa kwa asubuhi moja. Mwambie aache tundu mbili za bolti za milimita 12, na apake rangi ya kuzuia kutu kabla ya kukuletea. Tako la chuma likae inchi moja juu ya zege. Na kati ya zege na tako hilo pitisha kipande cha bati bapa, kipana kuliko mguu kwa inchi mbili kila upande, kingo zake zimekunjwa kuelekea chini kama kofia. Mchwa hapiti kwenye bati bila kujenga njia yake ya udongo kulizunguka, na njia hiyo utaiona. Bati halimuui, linamlazimisha ajitokeze. Mwagilia zege maji kwa siku saba, huku umelifunika magunia. Usilibebeshe kitu kabla.

Mifupa

Mbao za chini zote ni 2 kwa 6, zenye dawa, za futi 12. Nunua 20. Sita kati yake ni boriti: mbili mbili kwa kila safu ya miguu. Usizigandamanishe. Mbao mbili zilizobanana ni mfuko wa maji, na mfuko huo huoza kutoka ndani. Zitenganishe kwa vipande vya nusu inchi kila baada ya futi mbili, kisha zifunge kwa bolti. Mwambie fundi wa kuchomelea mapema upana huo, ili U isije ikakataa.

Juu ya boriti unalaza zile ninazoziita mataruma, kwa mfano wa reli: mbao kumi zinazopita kwa kukata boriti, kutoka upande mmoja hadi mwingine, umbali wa inchi 16 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine. Zisimamishe kwa wembamba wake, wala zisilale ubapa. Kila moja ina mgongo, yaani imepinda kidogo. Itazame kwa jicho moja kama mtu anayelenga shabaha, na mgongo uutazamishe juu. Uzito wa watu utaunyoosha. Kati ya taruma na taruma, juu ya boriti ya katikati, kaza vipande vya mbao hiyohiyo ili yasilale. Ncha zifungwe kwa mbao mbili za ukingoni. Popote ulipokata kwa msumeno umefungua nyama isiyo na dawa: paka dawa ya mbao mara tatu kwenye kila kidonda kabla ya kukifunga, si baada.

Bolti, skrubu na misumari, vyote viwe vya kuzamishwa kwenye zinki, vile vya kijivu kisichong'aa. Shaba iliyo kwenye dawa hula chuma kitupu. Nimewahi kung'oa msumari uliobaki kichwa na mkia, katikati hakuna.

Kisha jambo dogo ambalo limenilipa kuliko yote. Chukua nailoni nyeusi nzito, ile ya kutandika chini ya jamvi, ikate vipande virefu vya inchi nne, na uvilaze juu ya mgongo wa kila taruma na kila ubao wa boriti, vikining'inia kidogo pande mbili. Maji yakipenya kwenye sakafu yatagonga nailoni na kudondoka chini, hayatakaa juu ya mti wala kuingia kwenye tundu za skrubu. Gharama yake ni kama ya chupa chache za soda.

Sakafu

Hapa kazi inakwenda mbio, na ndiyo sehemu ambayo kila mpita njia atasimama kukushauri. Mtiki wa 1 kwa 6, mbao 24 na mbili za akiba. Kati ya ubao na ubao acha upenyo wa msumari wa inchi sita. Simamisha misumari yenyewe katikati kama kipimo, kaza, chomoa, sogea. Skrubu mbili kwa kila taruma, za inchi mbili na nusu, jumla utamaliza karibu 500. Toboa kwanza kwa keekee au drili, tundu jembamba kuliko skrubu. Mtiki mkavu usipotobolewa unapasuka, na ufa wa kichwani mwa ubao ni mlango wa maji. Kichwa cha skrubu kiishie sawa na uso wa ubao. Ukikizamisha umechimba kibakuli.

Watu watakuambia uzibe zile nyufa ili mahindi yasidondoke. Usizibe. Siku ya kuanika, tandika turubai. Punje zitakazopita ni haki ya kuku walio chini.

Zipo sasa mbao za plastiki iliyochanganywa na unga wa mti, zinauzwa Dar es Salaam. Haziliwi na mchwa, lakini zinapata moto mkali juani kiasi cha kuunguza nyayo, na hulegea zisipopewa mataruma ya karibu zaidi. Ukipewa bure, chukua.

Kibaraza kinachozidi futi mbili kutoka ardhini kiwekee kingo, urefu wa futi tatu na nusu, na nafasi kati ya kijiti na kijiti isipitishe kichwa cha mtoto: inchi nne, basi. Nguzo za kingo zikazwe kwa bolti mbilimbili kwenye taruma, maana mjomba mnene atakuja kuegemea. Ngazi zipande inchi saba kwa kila hatua na kukanyaga kuwe inchi kumi na moja. Hatua zote zilingane, kwa kuwa mguu huhesabu hata gizani. Ngazi ianzie juu ya zege, si juu ya udongo.

Uvunguni na kila Oktoba

Kile kilicho chini ya kibaraza ni mali ya macho yako. Sawazisha udongo uelekee bondeni, mwaga kokoto, na upaache wazi. Utashawishika kuweka kuni, kwa kuwa ni pakavu na karibu na jiko. Kuni zilizolazwa ardhini ni daraja la mchwa na nyumba ya nyoka, na zikirundikwa zikafika kwenye boriti umeufuta mguu wa zege, bati na kazi yote. Kuni zina banda lake.

Sakafu usiipake vanishi. Jua la Septemba huipasua kama ngozi ya mjusi, maji yanaingia chini yake yasitoke, na utajikuta unakwangua kila mwaka. Mtiki ukiachwa unakuwa wa kijivu, rangi ya fedha iliyochakaa, na hapo ndipo unapokuwa umemaliza kubadilika. Wageni wengine wataudhani mchafu.

Oktoba, kabla ya mvua, jitengee asubuhi moja. Pitisha kisu cha zamani kwenye nyufa zote uondoe majani na vumbi. Takataka iliyobanwa humo inaloa na kukaa na unyevu wiki nzima. Kaza bolti nusu mzunguko, usizidishe. Kisha chukua tochi na bisibisi uingie chini, kwa tumbo kama ulipokuwa mdogo, na uzunguke miguu yote tisa. Tazama kila bati. Ukikuta uzi wa udongo mwekundu unapanda, usiukwangue haraka. Fuata kwanza unakotoka, maana ukiubomoa kabla ya kujua chanzo, wataujenga upya upande usiouona. Ukijua, bomoa, na ushughulikie kichuguu chenyewe. Choma bisibisi kwenye ncha za boriti na mahali mataruma yanapokutana na ubao wa ukingoni. Inatakiwa igome.

Zile mbao mbili za akiba usiziache chini ya kibaraza. Zipandishe kwenye kenchi za jiko la kuni, juu ya mafiga, zipate moshi. Zangu bado ziko huko, nyeusi tii, na bibi ametundika juu yake ungo wake wa kupepetea.